Maji ya Mchangani: Kutoka Ikutha Hadi Mtungi wa Nyumbani

Mtu wa Mombasa au Malindi akisikia jina la Ikutha, huenda asijue liko upande gani wa nchi. Ni mji mdogo wa Kitui Kusini, katika njia itokayo Kibwezi kwenda Mutomo, na kwa sehemu kubwa ya mwaka mito yake ya msimu huwa mchanga mtupu. Hata hivyo tuna ujirani nao wa maji. Mto Athi, utokao upande wa Nairobi, hupita magharibi ya Ikutha, ukaingia mbuga ya Tsavo, ukakutana na mto Tsavo na kuitwa Galana. Ukifika kwetu huitwa Sabaki, nao humwaga maji yake baharini karibu na Mambrui. Kitupwacho mtoni kule juu, sisi ndio wa mwisho kukipokea.

Wakati wa kiangazi akina mama wa Ukambani huyatafuta maji chini ya ardhi. Huchimba shimo katika mchanga wa mto uliokauka, wakangoja maji yachuruzike, kisha wakayateka taratibu, kata baada ya kata, hadi dumu lijae na punda apakiwe. Tangu miaka ya 1990, shirika la SASOL la Kitui limeshirikiana na wanavijiji kuiendeleza hekima hiyo kwa kujenga mamia ya mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hukata mto penye mwamba. Mafuriko yakija, mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta, na tope jepesi hupita juu likaenda zake. Baada ya misimu kadhaa hapaonekani ila mchanga, lakini baina ya chembe zake, robo ya ujazo wote au zaidi ni maji. Jua haliyakaushi, mbu hapati pa kutaga, na kwa kupita mchangani taka na vijidudu vingi hunaswa.

Vingi, si vyote. Shimo lililo wazi, mbuzi na punda wakilinywea, samadi yao huingia humo humo. Ndiyo sababu penye uangalizi mzuri mifugo hupewa mahali pao, shimo la watu huzungushiwa ua wa miiba, au hujengwa kisima kilichofunikwa chenye pampu ya mkono.

Sasa tuutazame mji. Kule Baricho, katika Kaunti ya Kilifi, visima vimechimbwa katika mchanga wa kando ya Sabaki, na maji yake husukumwa hadi Malindi, Kilifi na Mombasa. Kanuni ni ile ile ya mama wa Ikutha: mchanga huchuja kwanza. Linaloongezwa ni dawa ya klorini, nayo hutiwa kwa kipimo ili kiasi kidogo kibakie majini safari nzima ya bomba. Kibakicho ndicho mlinzi, na kwenye mfereji wa nyumbani kisipungue miligramu 0.2 kwa lita. Lakini sisi tunaoishi kwa mgao tunajua kwamba bomba hukaa siku kadhaa bila maji. Likiwa tupu, maji machafu ya ardhini huweza kupenya katika nyufa zake. Basi maji ya mwanzo baada ya ukame wa bomba ni ya kuoshea sakafu, si ya kunywa. Na maji ya mkokoteni yachukuliwe kuwa hayajatiwa dawa, hata muuzaji akiapa.

Liko jambo ambalo mchanga na klorini haviliwezi: chumvi na sumu za viwanda zilizoyeyuka. Tangu 2018 bwawa kubwa la Thwake linajengwa katika Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui, juu ya Ikutha. Ukuta huo utakusanya pia kile ambacho Nairobi imekimwaga mtoni, na kwa maoni yangu swali hilo lilistahili kujibiwa kabla ya jiwe la kwanza.

Wengi wetu huchanganya mambo mawili. Katika madhehebu yetu ya Shafii, maji yaliyofika kulateni, takriban lita 200, hayanajisiki isipokuwa yabadilike rangi, ladha au harufu. Hiyo ni hukumu ya tohara. Mama asemaye, “Haya ni safi, nimetawadhia,” amesema kweli kuhusu udhu wake. Kijidudu cha kipindupindu hakina rangi wala harufu, na kikombe cha mtoto chahitaji kipimo kingine.

Maji yachemshwe hadi yatokote kwa mapovu makubwa, dakika moja nzima. Yakiwa na taka, yachujwe kwanza kwa kanga kuukuu ya pamba iliyokunjwa mara nne. Katika vijiji vya Bangladesh, utafiti uliochapishwa 2003 ulionyesha kuwa kuchuja kwa sari kuukuu kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwani nyuzi zilizolegea kwa kufuliwa hukaribiana zaidi. Kanga peke yake haitoshi, lakini huusaidia moto.

Kisha mtungi ufunikwe. Mtume (S.A.W.) alituamrisha kufunika vyombo na kufunga viriba usiku, na maji mengi yaliyotoka salama bombani huharibikia nyumbani, kwa mkono uliotumbukizwa. Kata iwe na mpini mrefu, nayo itundikwe ukutani.