Sauti ya mzazi aliye mbali

Katika makanisa yetu kuna watoto ambao baba au mama yao ni askari. Mzazi anapelekwa mbali kwa miezi mingi, na mtoto mdogo anaanza kumsahau.

Huko Marekani, Betty Mohlenbrock, mwalimu wa kusoma, aliona jambo hilo nyumbani mwake. Mume wake, daktari wa jeshi la majini, alikwenda wakati wa vita vya Vietnam. Aliporudi, binti yao mdogo hakumtambua. Mwaka 1989 mama huyo alianzisha shirika la United Through Reading. Njia yao ni nyepesi: askari anasoma kitabu cha watoto kwa sauti mbele ya kamera, kisha video na kitabu vinatumwa nyumbani. Mtoto anafungua kurasa pamoja na mzazi wake, leo, kesho, hata mara kumi. Kupiga simu tu hakutoshi: mtoto wa miaka mitatu anajibu "ndiyo" mara mbili, halafu anakimbia kucheza.

Kwetu, simu yenye kurekodi inafaa. Mchungaji wa jeshi anaweza kumsaidia askari kusoma habari ya Danieli au ya mwana mpotevu, dakika tano tu. Aanze kwa kumwita mtoto kwa jina. Asitaje mahali alipo wala kikosi chake. Asiyejua kusoma asimulie hadithi aliyopewa na bibi yake. Na kama mama nyumbani hana simu ya namna hiyo, mwalimu wa shule ya Jumapili ampe mtoto yake baada ya ibada, asikilize mpaka atosheke.