Majina ya Mahali na Wenyewe: Mfano wa Namphake, Assam

Wachunguzi wa istilahi aghalabu hushughulika na maneno mapya ya taaluma, ilhali majina ya mahali nayo ni hazina isiyopasa kuachwa. Katika makala haya twachukua mfano wa Namphake, kijiji cha mashambani katika wilaya ya Dibrugarh, jimbo la Assam, kaskazini-mashariki mwa India.

Wakazi wake ni Watai Phake, wafuasi wa dini ya Buddha, ambao lugha yao ina nasaba moja na Kithai. Wazee wao walitoka bonde la Hukawng, nchini Burma (leo Myanmar), katika karne ya 18. Kijiji chenyewe kilianzishwa mwaka 1850 kando ya mto Burhi Dihing.

Jina hilo lina sehemu tatu. *Nam* ni 'maji' au 'mto'. *Pha* ni 'ukuta' au 'jabali'. *Ke* ni '-a kale'. *Phake*, basi, ni 'ukuta wa kale', na ndilo jina la watu wenyewe. Mto nao una lake. *Di* katika Kidimasa, lugha ya kundi la Kibodo, ni 'maji', na silabi hiyo huonekana mwanzoni mwa majina ya mito mingi ya huko, Dihing ukiwamo. *Burhi* katika Kiassam ni 'bibi kizee'. Hivyo atajaye kijiji na mto wake hugusa lugha za jamii tatu.

Hata hivyo, yafaa kutahadhari. Kiphake kina toni sita, lakini hati yake ya jadi haionyeshi toni. Neno *ma* laweza kuwa 'kuja', 'mbwa' au 'farasi', kwa kadiri ya toni yake. Afasiriye jina kwa kutazama herufi tu hubahatisha. Hana budi kumsikiliza msemaji.

Msemaji naye hadumu. Waahom, Watai waliofika Assam mwaka 1228 na kutawala hadi karne ya 19, walihamia Kiassam. Lugha yao imesalia katika miswada na ibada, na majina kama Namrup yangali ramanini. Lakini toni zake za asili hazisikiki tena katika mazungumzo ya nyumbani.

Kwa hiyo twashauri kwamba akusanyaye majina ya mahali, popote awapo, aandike matamshi pamoja na herufi, maadamu wenye lugha wangalipo.