Kiwanda kile kile, watu wale wale

Juzi fundi mmoja wa magari pale Ilala aliniuliza, mikono imejaa grisi: "Kaka, hivi Wamarekani na utajiri wao wote, ilikuwaje wakazidiwa na Wajapani kwenye magari?" Nikamjibu haraka haraka kwamba pengine Wajapani wana bidii zaidi. Nilipofika nyumbani nikajuta, maana ipo habari ya kiwanda kimoja inayolikanusha jibu langu.

Kiwanda hicho kilikuwa Fremont, California, mali ya General Motors, kampuni ambayo kwa miaka 77 iliongoza dunia kwa kuuza magari. Sifa zake zilikuwa mbaya mno. Kwa siku ya kawaida, mfanyakazi mmoja kati ya watano hakuonekana kazini. Wengine walikunywa pombe humo humo, na ugomvi wa wakubwa na chama cha wafanyakazi haukwisha. Gari lenye kasoro liliachwa lipite, kwani kusimamisha mkanda wa kuunganishia magari ilikuwa kosa lisilosameheka. Kasoro zilirekebishwa baadaye, kwa gharama nyingine. Mwaka 1982 kiwanda kikafungwa.

Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia wa General Motors na Toyota, kikaitwa NUMMI. Jengo ni lile lile, chama cha wafanyakazi kile kile, na wengi wa walioajiriwa ni wale wale waliokuwa wakiitwa wavivu na walevi. Kilichobadilika ni uongozi wa kazi, ambao sasa ulishikwa na Toyota. Mamia ya wafanyakazi walipelekwa Japani kujifunza. Kando ya mkanda ilining'inizwa kamba: ukiona kasoro, vuta, kiongozi wako anakuja kukusaidia, siyo kukukaripia, na tatizo lisipokwisha upesi mkanda unasimama. Kampuni iliahidi pia kwamba kupunguza watu kutakuwa hatua ya mwisho kabisa. Mwaka 1988 mauzo yaliposhuka, watu walipewa mafunzo badala ya barua za kuachishwa kazi.

Basi utoro ukashuka hadi asilimia 3 au 4, na ufanisi ukawa zaidi ya mara mbili ya ule wa zamani. Faida inatoka hapo: gari lililoundwa sawasawa mara ya kwanza haliundwi mara ya pili.

Mbona General Motors hawakuiga? Walijaribu, lakini kwingineko wasimamizi waliendelea kupimwa kwa idadi ya magari yaliyotoka, hivyo aliyethubutu kuvuta kamba alitazamwa kwa jicho baya. Kamba ni rahisi kununua. Kumwamini mtu wa chini aivute ndiyo kazi.

Kwa haki, kampuni hiyo ilibeba pia mzigo ambao mpinzani wake hakuwa nao. Katikati ya miaka ya 2000, matibabu ya wafanyakazi na wastaafu wake yaligharimu kiasi cha dola 1,500 kwa kila gari lililoundwa Marekani. Viwanda vya Toyota nchini humo vilikuwa vipya, wastaafu wachache. Lakini ahadi hizo wakubwa wa General Motors walizitia saini wenyewe, enzi za neema. Wakaegemea malori madogo na magari makubwa yanayokunywa petroli. Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 2008, wanunuzi wakakimbia. Mwaka huo Toyota ikawapita kwa mauzo, nao wakapata hasara iliyokaribia dola bilioni 31. Tarehe 1 Juni 2009 wakaomba kinga ya mufilisi.

Toyota nayo si malaika. Mwaka 2009 na 2010 ilibidi iyaite mamilioni ya magari yake kwa kasoro za pedali ya mafuta, na mwaka 2014 ikakubali kulipa dola bilioni 1.2 nchini Marekani kwa kuwapotosha wateja.

Na Fremont je? General Motors ilipofilisika ilijitoa katika ubia, na Toyota haikutaka kubaki peke yake. Tarehe 1 Aprili 2010 likatoka gari la mwisho, Corolla nyekundu, na maelfu ya wafanyakazi wakarudi nyumbani, wakiwamo waliojifunza kuvuta ile kamba. Mwaka huo huo jengo likanunuliwa na Tesla.