Kenya na Uganda: Mche Wenye Ugonjwa na Kibarua Mwenye Kisu

Mnunuzi wa maua huko Ulaya hudhani kwamba Kenya inauza mashada tu. Wafanyakazi wenzetu wa huko wanajua zaidi. Yako mashamba yasiyouza hata ua moja. Kazi yake ni kutunza mimea mama na kukata vipandikizi, yaani vitawi vidogo visivyo na mizizi, ambavyo huhesabiwa, hutiwa katika mifuko na kupakiwa ndegeni usiku. Vikifika ng'ambo hutiwa mizizi, hukuzwa vyunguni na kuuzwa baridi inapokwisha. Faida ya biashara hii ni kwamba mmea mama mmoja huzaa vitawi vingi. Hasara yake ni hiyo hiyo, kwani mama akiwa na ugonjwa, watoto wote husafiri nao.

Hilo ndilo lililotokea mwaka 2003. Mwezi wa Februari mwaka huo, wakaguzi wa Marekani waligundua katika jeraniamu, ua la vyunguni linalopendwa sana huko, bakteria iitwayo Ralstonia solanacearum, tena ile aina inayostahimili baridi. Walipofuata njia ya mimea hiyo, walifika kwenye vipandikizi vilivyotoka Kenya. Bustani za biashara zaidi ya mia moja, katika majimbo zaidi ya ishirini, zilikutwa na ugonjwa huo, na mimea mingi mno ikaharibiwa kwa amri ya serikali, pamoja na ile iliyoonekana mizima kabisa.

Msomaji atauliza: kelele zote hizo kwa sababu ya ua la dirishani? Hapana. Waliogopea viazi. Bakteria hiyo ndiyo inayoleta mnyauko katika viazi mviringo, na pia hushika nyanya na biringanya. Mkulima wa viazi katika nyanda za juu za Kenya, au wa kwetu Mbeya na Njombe, hahitaji kuelezwa. Anaona mmea umelegea mchana ilhali udongo una maji, na akikata kiazi anakuta duara la kahawia likitoa utelezi mweupe. Dawa ya kuuponya mmea uliokwisha kushikwa hakuna. Marekani, ambayo haikuwa na aina hiyo katika mashamba yake ya viazi, ilikuwa imeiweka bakteria hiyo, kwa sheria ya mwaka 2002, katika orodha ya vijidudu vinavyoweza kutumiwa kwa hujuma. Basi jeraniamu iliyokatwa na kibarua wa Kenya ikaja kushughulikiwa chini ya sheria iliyotungwa kwa ajili ya magaidi. Huo ni ulimwengu wa leo.

Inafaa ieleweke kwamba Kenya haikuwa peke yake. Mwezi wa Aprili 2020 bakteria hiyo hiyo ilionekana tena Marekani, safari hii katika vipandikizi vya jeraniamu kutoka Guatemala. Bustani 650 hivi katika majimbo 44 zilihusika kwa kupokea mimea ile au kwa kuichanganya na mingine.

Sasa tuangalie jinsi ugonjwa huu unavyotembea, maana hapo ndipo mfanyakazi anapoingia. Bakteria hii hairuki na upepo kama ukungu wa kutu. Inakwenda na maji, na udongo ulioganda kwenye viatu, na mche, na kisu. Kibarua anakata kitawi katika mmea mgonjwa, kisha anakata katika ule wa pili na wa tatu. Hali ya hewa ikiwa ya baridi mmea hauonyeshi dalili yoyote, kwa hiyo hata mwenye jicho kali hawezi kujua. Ndiyo sababu, baada ya mambo ya mwaka 2003, Marekani ilidai masharti magumu kwa mashamba ya vipandikizi: mimea itengwe na udongo, maji ya kumwagilia yawe safi au yatibiwe, mimea na maji vipimwe, na kila aingiaye atakase viatu na mikono.

Masharti hayo ni mema, lakini hutekelezwa na nani? Hutekelezwa na yule akinamama anayesimama mezani tangu asubuhi akiwa na kipimo cha vipandikizi vya kukata kabla ya jioni. Kuchovya kisu katika dawa kati ya mmea na mmea huchukua sekunde chache. Zidisha sekunde hizo kwa mimea ya siku nzima, uone zimekula kiasi gani cha kipimo chake. Ikiwa kipimo hakikupunguzwa, mfanyakazi ameambiwa achague kati ya usafi na mshahara, na sisi hatuoni kwa nini yeye alaumiwe akichagua mshahara. Zaidi ya hayo, dawa za kuua vijidudu huchubua mikono na kuchoma macho. Glavu zinazovuja haziwi kinga ya mmea wala ya mtu.

Tumezungumzia mimea inayotoka. Kuna na ile inayoingia, na hapa tuvuke mpaka hadi Uganda. Okidi za mapambo huagizwa siku hizi kutoka Asia na Uholanzi kwa ajili ya mahoteli, maduka na bustani za watu. Okidi hushambuliwa na virusi vingi, na viwili vimeenea duniani kote: virusi vya mozaiki ya simbidiamu, na vile vya madoa-pete vya odontoglosamu. Havihitaji mdudu wa kuvibeba. Vinakwenda na utomvu kwenye kisu, mkasi na kucha. Okidi yaweza kuwa navyo huku ikitoa maua mazuri, wala haiponi. Hata miche inayozalishwa maabara katika chupa huwa navyo ikiwa ilitolewa katika mmea mama uliokuwa navyo bila kupimwa.

Wengi husahau kwamba vanila nayo ni okidi. Vanila ni zao la fedha kwa wakulima wengi wa Uganda, hasa upande wa Mukono, na kwa jirani zao wa Kagera upande wetu. Huoteshwa kwa kipande cha mtambaa kilichokatwa shamba moja na kupelekwa jingine, mara nyingi kwa kisu kile kile. Virusi vya mozaiki ya simbidiamu vimekwisha kuonekana katika vanila huko Réunion na katika visiwa vya Polinesia vilivyo chini ya Ufaransa. Kwa hiyo mwenye kitalu anayekuza okidi za kigeni kando ya vanila, na kumtuma kibarua mmoja kupogoa zote mbili, anacheza na mali ya kijiji kizima. Mche mgeni ukae mbali, upewe kisu chake peke yake, na usigawanywe kabla ya kupimwa. Kenya ina kituo cha karantini ya mimea huko Muguga, chini ya shirika la KEPHIS. Tanzania kazi hiyo ni ya TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Anayepitisha miche mpakani ndani ya begi la nguo anavikwepa vyombo hivyo, na gharama humwangukia mwingine.

Kuhusu Kenya, chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, hufanya mkataba wa pamoja na waajiri wa kilimo. Kwa maoni yetu mikataba ya namna hiyo, huko na kwetu, ingepaswa kutaja wazi muda wa kutakasa zana kuwa ni muda wa kazi unaolipwa, na kwamba anayeripoti mmea ulionyauka hakatwi mshahara kwa mimea itakayong'olewa. Mfanyakazi ndiye wa kwanza kuona. Akijua kwamba kusema kutamletea barua ya onyo, atanyamaza, na vipandikizi vitapanda ndege.

Upo pia ulinzi wa siku ile mabanda yanapofungwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza watu akijulishe chama na ofisa wa kazi si chini ya mwezi mmoja kabla, na alipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Lakini kibarua wa msimu, ambaye mkataba wake huandikwa upya kila baada ya miezi michache, huambiwa tu kwamba muda wake umekwisha. Hao ndio wengi wakati wa kukata vipandikizi, na kwao kifungu cha 40 ni maneno ya kwenye karatasi.