Georgia ilivyoita wageni vijijini kufundisha Kiingereza

Mfanyabiashara anayeuza mzigo wake wote kwa jirani mmoja anaijua hofu ya kuamka na kukuta mpaka umefungwa. Georgia, nchi yenye watu wasiofika milioni nne, iliyobanwa kati ya Urusi, Uturuki, Armenia na Azerbaijan, iliamkia hofu hiyo mwaka 2006. Mwezi Machi, Urusi ilipiga marufuku mvinyo wa Georgia, ambao ndiyo iliyokuwa ikiununua zaidi. Mei yakafuata maji ya chupa ya Borjomi. Kabla mwaka haujaisha, kivuko cha Lars, kule milimani, nacho kikafungwa. Agosti 2008 nchi hizo mbili zikaingia vitani.

Kama kuuza kaskazini kumekuwa kugumu, ni lazima kutafuta wanunuzi upande mwingine, na huko wengi hawazungumzi Kirusi. Tangu enzi za Usovieti, Kirusi ndicho kilichokuwa lugha ya mgeni na ya biashara. Serikali ya Rais Mikheil Saakashvili, ambaye mwenyewe alisoma Marekani, iliamua mwaka 2010 kwamba kila mtoto aanze Kiingereza darasa la kwanza.

Uamuzi ni wa siku moja, lakini mwalimu hapatikani kwa siku moja. Vijijini, walimu wengi wa lugha walikuwa wamesomea Kirusi. Hata waliofundisha Kiingereza, wengi walikijua kwa vitabu na hawakuwahi kupata mtu wa kuzungumza naye.

Ndipo ukaja mpango wa Teach and Learn with Georgia. Vijana kutoka Marekani, Uingereza, Kanada na kwingineko waliitwa waje kukaa vijijini. Serikali iliwalipia tiketi ya ndege na bima ya matibabu, na mwanzoni posho ilikuwa lari 500 kwa mwezi, wakati huo chini ya dola 300 za Marekani. Sehemu ya fedha hizo walimpa mwenyeji aliyewapa chumba na chakula. Hawakutakiwa kuwa walimu wa kusomea.

Hapo ndipo palikuwa na faida na kasoro kwa pamoja. Mgeni aliingizwa darasani kusaidiana na mwalimu mwenyeji, si kushika nafasi yake. Palipokuwa na maelewano, mmoja alifundisha sarufi na kuituliza darasa, mwingine akawafungua watoto midomo. Mwalimu naye alipata mtu wa kuzungumza naye kila siku, na pengine hiyo ndiyo faida iliyodumu zaidi, kwa kuwa yeye alibaki kijijini. Pasipokuwa na maelewano, mgeni aligeuka pambo la darasa, akisoma maneno kitabuni ili watoto wamfuate. Wengi walikaa muhula mmoja au mwaka. Watoto wakishamzoea, anafunga mizigo.

Nyumbani, mwanafunzi alikuwa mgeni mwenyewe. Alijifunza alfabeti ya herufi 33 isiyofanana na ya jirani yeyote. Alijifunza kukaa karibu na jiko la kuni wakati wa baridi, na kuvumilia karamu za saa nyingi ambazo huwa na msemaji mkuu, tamada, anayeongoza heri moja baada ya nyingine huku mvinyo uliotunzwa kwenye mitungi iliyofukiwa ardhini ukimiminwa. Hata neno la kwanza la mtoto lingemchanganya Mswahili: kwa Kigeorgia baba huitwa mama, na mama huitwa deda.

Lakini soko lina lugha yake. Katika kijiji cha Sadakhlo, mpakani na Armenia, palikuwa na soko kubwa miaka ya 1990 ambapo Waarmenia na Waazerbaijani, ambao nchi zao zilipigana, waliuziana bidhaa bila kugombana. Kilichowaunganisha ni bei nzuri na Kirusi. Soko lile lilifungwa katikati ya miaka ya 2000, ila wachuuzi wa umri ule hawakuisahau lugha yao ya kazi. Mtoto aliyezaliwa baadaye, akafundishwa Kiingereza tu, hana neno la kumwambia Mwarmenia wa rika la babu yake.

Rwanda ilipohamisha shule zake kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, nayo ilikutana na tatizo la walimu. Wauzaji wa mpakani, Goma na Gisenyi, waliendelea na Kiswahili na Kinyarwanda chao.

Georgia ilisaini mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya mwaka 2014, na tangu Machi 2017 raia wake huingia nchi za Schengen bila viza kwa ziara fupi. Mwenye shamba la mizabibu anayemwandikia mnunuzi wa Ujerumani leo hutumia Kiingereza. Hata hivyo, Urusi iliruhusu tena mvinyo wa Georgia mwaka 2013, na ikarudi kuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote. Kivuko cha Lars kilikwisha kufunguliwa mwaka 2010. Foleni ya malori pale huwa ndefu, na madereva wanaoisubiri huelewana kwa Kirusi.