Nyoka wa Akiba kutoka Round Island

Mwaka 1975 alionekana kwa mara ya mwisho nyoka mmoja aliyezoea kujichimbia udongoni katika Round Island, kisiwa kisichokaliwa na watu, kilomita zipatazo 22 kaskazini ya Mauritius. Wanasayansi walimwita Bolyeria multocarinata. Leo yumo katika orodha ya viumbe waliotoweka, pamoja na dodo, ndege wa nchi hiyo hiyo.

Ndugu yake, Casarea dussumieri, alinusurika kwa tabu. Katika karne ya 19 watu walileta kisiwani mbuzi na sungura. Wanyama hao walitafuna kila chipukizi la mtende, na mvua ikausomba udongo ulioachwa wazi mpaka baharini. Kisiwa chote ni kilomita mbili za mraba na ushei tu. Miti ikipungua mijusi nao hupungua, na mjusi ndicho chakula cha nyoka huyu.

Na ni nyoka wa pekee kwelikweli! Mfupa wa taya lake la juu umegawanyika vipande viwili vyenye kiungo kati yake, umbo ambalo leo halipo kwa mnyama mwingine yeyote aliye hai wa nchi kavu mwenye uti wa mgongo. Huenda ndilo linalomsaidia kumbana mjusi mwenye magamba magumu yanayoteleza. Akiwa mchanga ana rangi ya chungwa, akikua hufifia.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Gerald Durrell na wenzake waliwachukua wachache hadi kisiwa cha Jersey, kati ya Uingereza na Ufaransa, katika bustani ya wanyama aliyoianzisha mwaka 1959. Kufuga nyoka wa joto kwenye nchi ya baridi si kuwasha taa tu. Joto, unyevu na mahali pa kujificha lazima vilingane na kwao, la sivyo nyoka hugoma kula na hawapandani. Mayai nayo yakikauka hunywea, yakilowa mno huota ukungu.

Kazi ngumu kuliko zote ni kulisha vitoto. Nyoka aliyeumbwa kula mijusi humtazama panya kama jiwe. Wafugaji wa nyoka wa aina hii hukisugua kitoto cha panya kwenye ngozi ya mjusi ili kishike harufu, kisha hungoja. Pengine hungoja wiki nzima.

Jersey walifaulu kuwazalisha. Hata hivyo, akiba hiyo isingefaa kitu kama kisiwa kingeachwa jangwa. Mbuzi wa mwisho waliondolewa mwaka 1979, sungura mwaka 1986, na mimea ikaanza kurudi, mijusi wakafuata.

Mwaka 2012 nyoka 60 walipelekwa Gunner's Quoin, kisiwa jirani ambako panya waliwahi kuwamaliza. Hawakutoka kwenye masanduku ya kioo ya Jersey. Walikamatwa Round Island kwenyewe, walikokuwa wamezaana vya kutosha kugawiwa.