Wasichana wa Meru walioshtaki polisi

Taja Nyeri mbele ya Mkenya wa kaunti nyingine uone kama hatacheka: si ndiko waume wanakochapwa? Hata Mweiga, kando ya barabara ya Nyeri kwenda Nyahururu, utani huo haupoi, nami umenichosha. Waume wanaopigwa wapo, na sheria inawalinda. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake Kenya wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofikisha miaka 15.

Mke akitoka na jicho limevimba, mara nyingi kesi huanzia kwa wazee. Pande mbili huitwa, chai ikamiminwa, mume akatozwa mbuzi, mama akaambiwa arudi alee watoto. Amani ya ukoo imepatikana. Yeye je? Kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutofanyiwa ukatili, uwe umetoka serikalini au kwa mtu binafsi. Maana yake, afisa anayemwambia "nendeni mkaelewane nyumbani" naye ana la kujibu.

Hilo lilithibitishwa ng'ambo ya pili ya Mlima Kenya. Mwaka 2012, wasichana walionajisiwa, wakisaidiwa na shirika la Ripples International, walifika Mahakama Kuu ya Meru. Safari hii hawakuwashtaki waliowanajisi. Walimshtaki mkuu wa polisi, kwa sababu waliripoti na faili zikalala. Tarehe 27 Mei 2013, Jaji J. A. Makau aliamua kwamba polisi kutochunguza upesi na ipasavyo kulivunja haki zao, akaamuru uchunguzi ufanywe. Kesi hiyo hujulikana hadi leo kama ya Wasichana 160.

Miaka miwili baadaye ikaja Sheria ya Kulinda dhidi ya Dhuluma za Nyumbani. Mlalamishi akifika kituoni, afisa anapaswa kumweleza njia za kupata nafuu, na kumsaidia apate matibabu na mahali salama pa kulala. Akitaka kuandikisha taarifa kwa afisa wa jinsia yake, ana haki hiyo. Asiyeweza kufika mahakamani, mwingine anaweza kumwombea amri ya ulinzi.

Na ikiwa ni ubakaji au unajisi, mbuzi wa wazee hazimi kesi. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006, uamuzi wa kuisitisha haumo mikononi mwa familia, wala mwa kituo cha polisi.